Magurudumu matatu: hesabu kabla ya kuchomelea

Fundi wa Iyula, mkoani Songwe, anayetaka kuunda gari jembamba la magurudumu matatu gerejini kwake haanzi sifuri. Songwe ina mafundi wenye uthubutu. Adam Kinyekile wa Tunduma ameonekana kwenye vyombo vya habari akiunda helikopta. Na gari lenyewe lina mfano uliokwisha kupimwa barabarani: Messerschmitt KR200 ya Ujerumani, iliyotoka mwaka 1955.

Mbunifu wake, Fritz Fend, alianza mwaka 1948 mjini Rosenheim kwa kuwaundia vigari majeruhi wa vita. Injini zake zilikuwa ndogo, kwa hiyo alipunguza mzigo ambao injini ingeusukuma. KR200 ilikuwa na uzito wa kilo 230 hivi. Injini yake ya cc 191 ilitoa nguvu za farasi 10 tu, lakini gari lilifika kilometa 90 kwa saa.

Siri ya kwanza ni viti. Abiria aliketi nyuma ya dereva, si ubavuni, na hivyo uso wa gari unaokabili upepo ukawa mdogo. Mwendo ukitoka kilometa 40 kwenda 80 kwa saa, ukinzani wa hewa huongezeka mara 4, na nguvu inayohitajika kuushinda mara 8. Mwaka huohuo wa 1955, toleo maalumu lenye bodi ya chini zaidi lilikimbia saa 24 mfululizo huko Hockenheim kwa wastani wa kilometa 103 kwa saa.

Lakini faida hiyo inapatikana hasa kwenye lami ya barabara kuu ya TANZAM, kati ya Mlowo na Tunduma. Kwenye barabara ya vumbi, kwa mwendo wa kilometa 30 kwa saa, kinachokula mafuta ni uzito na vilima. Tena, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko pwani. Ukinzani unapungua, lakini injini ya kabureta nayo inapoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Kwa hiyo kila kilo inayopunguzwa kwenye fremu ina thamani zaidi kuliko bodi ya kuvutia.

Siri ya pili ni mpangilio wa magurudumu. Bajaji ina gurudumu moja mbele. Dereva akifunga breki kwenye kona, uzito unakimbilia kwenye gurudumu hilo, na gari linakuwa rahisi kupinduka. Fend aliweka mawili mbele na moja nyuma. Breki ikifungwa, uzito unaelemea upande wenye miguu miwili.

Tuchukue gari lenye upana wa mita 1.2 kati ya magurudumu ya mbele, na kitovu cha uzito kilicho nusu mita kutoka ardhini. Kitovu hicho kikiwa katikati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, litaanza kuinuka kwenye kona kwa msukumo wa pembeni wa asilimia 60 ya uzito wake. Kikisogezwa mbele hadi theluthi moja ya umbali huo kutoka ekseli ya mbele, kiwango kinapanda hadi asilimia 80. Kiti cha dereva, tangi na betri vipangwe kwa hesabu hiyo.

Yapo mawili ambayo Ujerumani haitufundishi. Gurudumu la nyuma litapita katikati ya barabara, juu ya tuta lililoachwa na malori kati ya njia za matairi, hivyo shokapu yake iwe na mchezo mrefu na tumbo la gari liwe juu. Na KR200 ilirudi nyuma kwa kuizungusha injini kinyume; kwetu ni nafuu kutumia injini na gia za bajaji, ambazo tayari zina rivasi.

Kazi basi ianze kwa chaki sakafuni: gari lichorwe kwa ukubwa wake halisi, dereva aketi ndani ya mchoro, uzito wa kila kifaa uandikwe. Fremu tupu ijaribiwe kwanza kwa breki na kona, ikiwa na mifuko ya mchanga mahali pa abiria. Ikishinda hapo, bodi ifuate. Mafundi wetu wana mikono ya kuunda gari hili. Wakiipa hesabu nafasi yake, litawafikisha salama wao na abiria wao.