Hofu Iliyorithiwa: Tahakiki ya Kitabu cha Marc Sommers

Kitabu cha Marc Sommers, Fear in Bongoland, kilichotolewa mwaka 2001, kinahusu vijana wa Kirundi walioishi mafichoni jijini Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wazazi wao walinusurika mauaji ya kimbari ya Wahutu nchini Burundi mwaka 1972, wakapokelewa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Watoto walitoroka makazi hayo, wakawa mafundi cherehani mjini. Mchungaji anayehudumu kati ya Feri na Kariakoo, ambako cherehani haziishi kulia, hapana budi akisome.

Ubora wa kitabu ni kuonyesha kwamba hofu hurithiwa. Vijana hawa hawakuyaona mauaji kwa akili za watu wazima. Hata hivyo waliishi kama watu wanaowindwa. Tena palikuwa na ufa wa siri kati ya Wahutu wenyewe, yaani Waimbo na Wanyaruguru, ambao mgeni hakuruhusiwa kuujua.

Hapa theolojia yetu yapaswa kuwa makini. Katika Ezekieli 18 nabii anakanusha kwamba mwana hubebeshwa hatia ya babaye. Lakini hofu siyo hatia, wala haiondolewi kwa kutangaziwa msamaha. Mhubiri anayemwambia mtoto wa manusura kwamba hofu yake ni upungufu wa imani humtwika mzigo wa pili.

Sommers anaeleza vizuri jinsi ushirika wa Kipentekoste na maonyo ya wachungaji juu ya dhambi za mjini yalivyowasaidia vijana hao kuishi. Tunakubaliana naye, ila swali la mchungaji linaanzia pale anapoishia yeye. Kuepushwa na dhambi ni jambo moja, na kuponywa jeraha ni jambo jingine. Isitoshe, kitabu kinawahusu zaidi vijana wa kiume. Binti wa manusura, atakayelea kizazi cha tatu, hasikiki vya kutosha.

Jambo la elimu nalo lahitaji kupimwa. Mwaka 1972 wauaji waliwalenga hasa wasomi: wanafunzi, walimu na watumishi wa serikali. Kwa mzazi aliyeyaona hayo, shule ni ngazi na pia ni alama ya kumtambulisha mwanawe kwa adui. Kumlipia mtoto ada bila kuizungumza hofu hiyo ni kufanya nusu ya kazi. Shirika la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, lilihudumu katika makazi hayo. Basi swali hili ni letu pia: kando ya visima na madarasa, ni nani aliyeketi na wazazi wasimulie?

Maandiko yanatupa utaratibu. Katika 1 Wafalme 19, Eliya anakimbia akiomba kufa. Mungu hamkemei. Kwanza analala, analishwa mara mbili. Kisha anaulizwa mara mbili, naye anasimulia habari ile ile mara mbili bila kukatizwa. Ndipo anapopewa kazi, na Elisha awe mwenzake. Chakula, masikizi, kazi, mwenzi: huo ni ushauri wa kichungaji uliokamilika.

Wanafunzi walionusurika mauaji ya mwaka 1994 nchini Rwanda walitenda jambo lifananalo na hilo. Katika chama chao cha AERG, kilichoanzishwa mwaka 1996, walijipanga katika familia, wakichagua miongoni mwao baba na mama. Aliyekosa wa kumuuliza habari za masomo alimpata, na aliyelia usiku alipata wa kumsikiliza. Shule na faraja havikutenganishwa.

Mwaka 2014 serikali ya Tanzania ilitangaza uraia kwa Warundi wa mwaka 1972 na watoto wao, zaidi ya watu 162,000. Sheria iliondoa sababu ya kujificha. Haikuweza kuondoa mazoea ya kujificha. Kazi hiyo imebaki kwa sharika, na kwa vyuo vinavyowaandaa wachungaji wake. Mwanafunzi wa theolojia asitoke chuoni akijua kuhubiri juu ya hofu tu, bali ajue pia kukaa kimya mbele ya mwenye hofu mpaka amalize kusema.