Ukucha wa Mauser

Wapenzi wa kuwinda husema kwamba bunduki ya Mauser ya mwaka 1898 ndiyo mama wa bunduki za komeo. Sifa hiyo siibishi. Ninalobisha ni desturi ya kuisifu kana kwamba ilizaliwa porini, kwa ajili ya swala na nyati. La hasha! Ilizaliwa kwa ajili ya jeshi. Uwindaji ulifuata baadaye.

Kwao ni Oberndorf, mji mdogo wa Ujerumani kando ya mto Neckar, ambako Mfalme wa Württemberg alianzisha kiwanda cha silaha mwaka 1811 katika majengo yaliyokuwa ya watawa. Humo alifanya kazi baba yao Wilhelm na Paul Mauser. Paul, aliyezaliwa mwaka 1838, alikuwa kitinda mimba wa watoto 13. Bunduki yao ya mwaka 1871, ya kutia risasi moja moja, ilipokelewa na jeshi la Ujerumani, na mwaka 1874 ndugu hao wakakinunua kiwanda chenyewe. Wilhelm alifariki mwaka 1882. Paul akaendelea mpaka kifo chake mwaka 1914.

Chombo chochote mimi hukiuliza swali la kialimu: aliyekitengeneza alimfikiria mtu gani? Hapa jibu limo katika komeo. Ubavuni mwake pana ukucha mrefu unaoikamata risasi mara itokapo kwenye kasha, wala hauiachii mpaka ganda litupwe nje. Mtu akibabaika, akalisukuma komeo nusu na kulirudisha, risasi ya pili haigongani na ya kwanza. Meno mawili ya mbele hulifunga komeo. La tatu, nyuma, ni akiba. Ganda likipasuka, matundu madogo huielekeza gesi mbali na uso wa mpigaji. Fundi huyu alimfikiria mtu mwenye hofu, uchovu na matope mikononi. Hiyo ndiyo adabu ya kazi njema: haimdai mtumiaji awe hodari kuliko binadamu. Mwindaji anayekabiliana na nyati amerithi hifadhi aliyofanyiwa askari.

Lakini hifadhi hiyo haikugawiwa sawa. Vita vilipozuka mwaka 1914, wengi wa askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki walikuwa bado wamebeba bunduki ya mwaka 1871, ya baruti ya moshi. Kila alipofyatua, wingu jeupe lilimwonyesha adui mahali alipo. Bunduki bora ilikuwa imekwisha kuwapo kwa miaka 16. Kosa hilo si la komeo. Ni la waliopanga nani apewe kipi.

Mwaka 1945 Wafaransa waliiteka Oberndorf, na kiwanda kikavunjwa. Leo bunduki za kuwindia zenye jina la Mauser hutengenezwa Isny, kusini mwa Ujerumani. Ile ya bei nafuu, iliyotoka mwaka 2018, haina ukucha ule wa kale.

Hukumu yangu ni hii: ufundi wa Paul Mauser unastahili alama za juu, na historia ya bunduki zake haistahili kufichwa nyuma ya alama hizo. Anayesimulia nyati bila kumtaja askari aliyefunikwa na moshi amesahihisha nusu ya karatasi.