Kilima na Jina Lake

Jina la ukoo ni neno kabla ya kuwa nasaba. Hilo ndilo funzo kuu la Els llinatges catalans, kitabu cha Francesc de Borja Moll kuhusu majina ya koo za Kikatalani, kilichochapishwa mwaka 1959. Moll (1903–1991), mzaliwa wa kisiwa cha Menorca aliyefanya kazi Mallorca, alikuwa mwanakamusi. Ndiye aliyeikamilisha, mwaka 1962, kamusi kubwa ya juzuu 10 iliyoanzishwa na padri Antoni Maria Alcover. Aliyasoma majina kama asomavyo msamiati: hili limetokana na kazi, lile na mahali, jingine na lakabu.

Tulitwae jina Puig, litamkwalo "puch". Asili yake ni neno la Kilatini podium, mahali palipoinuka. Katika Kikatalani likawa kilima. Nduguye ni poggio la Kiitalia. Pujol nalo ni umbo lake la udogo: Puig akiwa kilima, Pujol ni kijilima. Mlima mrefu kuliko yote Mallorca huitwa Puig Major. Aliyekaa kilimani aliitwa kwa kilima chake, na vilima ni vingi. Basi akina Puig wawili hawalazimiki kuwa wa babu mmoja. Wauzao nembo moja ya ukoo kwa kila mwenye jina hilo huuza ndoto.

Kitabu hicho kilitoka zama za Franco, ambaye serikali yake ilipiga marufuku, kwa amri ya mwaka 1938, kuwaandikisha watoto kwa majina ya Kikatalani; ruhusa ilirudi mwaka 1977. Majina ya koo hayakufutwa, lakini aghalabu yaliandikwa kwa sikio la Kihispania: Puig likawa Puch au Puche. Hata neno i, yaani "na", liunganishalo jina la baba na la mama, kama katika Josep Puig i Cadafalch, msanifu majengo mashuhuri, liligeuzwa y. Sheria ya lugha ya Katalunya ya mwaka 1998 ilithibitisha haki ya kuliandika jina kwa tahajia yake.

Hata hivyo, asili ya neno haihesabu watu. Takwimu rasmi za Katalunya zaonyesha kuwa majina yanayoongoza ni García, Martínez na López. Vila, Serra, Puig na Soler yako mbali nyuma. Sababu kubwa ni uhamiaji wa karne ya 20 kutoka Andalucía, Murcia na kwingineko Hispania. Hapa ndipo usomaji wa majina unapokuwa na hatari, kwani wapo wanaomwona Puig kuwa mwenyeji na García kuwa mgeni, ilhali koo hizo zimeshaoana na mtoto mmoja huyabeba majina yote mawili.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Lakini asili ya neno si asili ya mtu. Manuel Puig (1932–1990), mwandishi wa riwaya, alizaliwa Argentina na kuandika kwa Kihispania, huku akibeba kilima cha Kikatalani. Na wako akina García wengi ambao Kikatalani ndicho lugha yao ya nyumbani. Jina listahili tahajia yake kwa sababu ni mali ya lugha. Anayelifanya cheti cha damu amemsoma Moll vibaya.