Ndoa ya Kituo cha Mafuta: Mahali Filamu ya Hank Williams Ilipopotea

I Saw the Light, filamu ya mwaka 2015 iliyoandikwa na kuongozwa na Marc Abraham, inaanza hadithi ya mwimbaji wa country Hank Williams kwenye kituo cha mafuta cha Andalusia, Alabama, Desemba 1944. Kabla ya hapo kuna wimbo mmoja tu: Tom Hiddleston, akiwa Hank, anaimba Cold, Cold Heart bila ala yoyote, taa ikimmulika yeye peke yake. Kisha hakimu wa amani anamfungisha Hank ndoa na Audrey Sheppard, na filamu inashika njia isiyoweza tena kuiacha.

Ndoa yenyewe ni tukio zuri la kuigiza. Talaka ya Audrey ilikuwa mbichi, na sheria ya Alabama ilimtaka angoje siku 60 kabla ya kuolewa tena. Ndoa hiyo, basi, ilikuwa na kasoro tangu saa ya kwanza, na mwandishi yeyote angevutiwa kuanzia hapo. Tatizo ni kwamba mtu anayesimama mbele ya pampu ana miaka 21, na kila kitu kimekwisha kumtokea. Ameshaanza kulewa, mgongo unamuuma, na sauti yake imekomaa. Mtazamaji anapewa matokeo tupu. Chanzo kimebaki kwenye meza ya mwandishi.

Hank alizaliwa Septemba 1923. Alipokuwa na miaka sita hivi, baba yake, Lon, alilazwa katika hospitali ya maveterani, akakaa huko miaka mingi. Mama yake, Lillie, alibaki kuendesha nyumba za kupangisha na kulea watoto peke yake. Cherry Jones anamwigiza Lillie kwa ukavu unaostahili, lakini bila zile nyumba za wapangaji na ile njaa, ukavu huo unaonekana kuwa inda ya mama mkwe tu. Ugonjwa wa uti wa mgongo aliozaliwa nao Hank nao unaletwa kwa maneno ya mdomoni, kama cheti cha daktari kinachosomwa kwa sauti.

Pengo kubwa kuliko yote ni Rufus Payne. Huyu alikuwa mwanamuziki Mweusi wa mitaani, maarufu kwa jina la Tee-Tot, aliyemfundisha kijana Hank gitaa huko Georgiana na Greenville. Alifariki mwaka 1939. Hank mwenyewe alikiri hadharani kwamba mafunzo yake ya muziki aliyapata kwa mtu huyo. Ule mwendo wa blues ulio chini ya nyimbo zake, pamoja na ujuzi wa kuwashika wasikilizaji waliosimama barabarani, una mwalimu anayejulikana kwa jina. Hadithi inayoanzia 1944 haina mahali pa kumweka, na hivyo sauti ya Hank inaonekana kama imedondoka kutoka mbinguni.

Wala kumwonyesha Tee-Tot hakukuwa jambo gumu. Your Cheatin' Heart ya mwaka 1964 ni filamu nyepesi, iliyopakwa sukari, ambamo George Hamilton anachezesha midomo tu huku sauti ikitoka kwa Hank Williams Jr., aliyekuwa bado kijana mdogo. Hata hivyo filamu hiyo ilimpa Rex Ingram nafasi ya Tee-Tot. Miaka hamsini baadaye, filamu yenye heshima zaidi imemfuta.

Mwongozaji Michael Apted aliujua umuhimu wa chanzo mwaka 1980. Coal Miner's Daughter, filamu yake kuhusu mwimbaji wa country, haikimbilii jukwaani: inakaa Butcher Hollow, Kentucky, pamoja na Levon Helm, anayeigiza baba, na vumbi la makaa ya mawe, mpaka Sissy Spacek anapopewa gitaa mtazamaji anajua sauti ile imetoka wapi. Mtetezi wa Abraham atataja Tender Mercies ya 1983, ambayo nayo haina utoto: mwimbaji Mac Sledge anaanza akiwa amelewa katika moteli ya Texas. Lakini mwandishi wake, Horton Foote, aliuweka wakati uliopita ndani ya watu, yaani mtalaka na binti wanaorudi kudai chao, na Robert Duvall, akiwa Mac, akaubeba hata aliponyamaza. Abraham hana mtu wa namna hiyo. Badala yake ana mahojiano ya bandia, yasiyo na rangi, ambamo Bradley Whitford, akiwa Fred Rose, mchapishaji wa nyimbo za Hank, anaieleza kamera mambo ambayo matukio yalipaswa kuonyesha.

Hiddleston ameimba mwenyewe, akisaidiwa na Rodney Crowell, na ameimba vizuri. Mwanga wa mpiga picha Dante Spinotti hauna dosari. Elizabeth Olsen anamfanya Audrey mtu mwenye njaa ya jina badala ya kichekesho. Usiku wa Grand Ole Opry wa Juni 1949 umepangwa sawasawa, ila Lovesick Blues, wimbo anaouimba usiku huo, iliandikwa na Cliff Friend na Irving Mills mwaka 1922. Mtunzi mkubwa anapasua jukwaa kwa wimbo wa watu wengine, na filamu isiyopenda kuonyesha nyimbo zikitungwa haioni kitu cha kushangaza hapo.

Kifo kimeshughulikiwa kwa busara. Hank alikata roho ndani ya Cadillac, akiwa na miaka 29, alipokuwa akipelekwa Canton, Ohio, kwa onyesho la Januari 1, 1953. Abraham hakuiingiza kamera kwenye kiti cha nyuma; habari inafika kwa tangazo la jukwaani, mbele ya watu waliokwisha kukata tiketi.