Kozi ya Uandishi: Kipimo Kisifichwe

Mwalimu mwenzangu, tafakari hali ya kijana wa Kaloleni, Jericho au Dandora anayeingia mwaka wa kwanza chuoni. Katika KCSE aliyajua masharti ya karatasi ya Insha (102/1) barabara: insha mbili, ya kwanza ikiwa ya lazima, kila moja maneno yasiyopungua 400 na alama 20, muda, saa 1 na dakika 45. Katika kozi ya uandishi chuoni, huenda akaambiwa tu, "Andika." Tarehe huzipata kwa tetesi, na kipimo hukijua alama zikishatolewa. Akianguka, lawama hubebeshwa Sheng.

Hoja hiyo ina kasoro. Sheng, iliyokita mizizi katika mitaa ya Eastlands, haimzuii msemaji kubadili usemi. Kijana huyu husema na wa rika lake kwa namna moja na nyanyake kwa namna nyingine. Hiyo ndiyo rejesta aliyofunzwa katika isimujamii. Anachokosa ni kuarifiwa hadhira ya chuoni ni nani na inatarajia nini.

Kwa hivyo, siku ya kwanza mpe ratiba iliyoandikwa: tarehe za insha na mgawo wa alama za maudhui, mtindo, msamiati, sarufi na tahajia. Badiliko lolote litangazwe mapema. Insha ya kwanza irudishwe na maelezo kabla ya ya pili kuandikwa.

Nawe mtahiniwa, ukifika chuoni uliza mapema: nitapimwa kwa lipi? Kuuliza si ujinga.