Ndoa, Tabaka na Undugu katika Coming to Birth
Uamsho wa Kikristo uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 uliwafundisha waumini wa Nyanza kuitana ndugu bila kujali cheo. Mvutano uliofuata ulichangia kuzaliwa kwa kanisa la Johera mwaka 1957. Je, undugu huo waweza kuvuka mpaka wa tabaka ndani ya ndoa? Riwaya ya Marjorie Oludhe Macgoye, Coming to Birth (1986), yaanza mwaka 1956, Paulina wa miaka 16 anapomfuata mumewe Nairobi kwa gari la moshi. Martin ana kazi, mshahara na mkono mwepesi wa kupiga. Paulina hana chake. Kinachoziba pengo hilo si ungamo la ghafla, bali mafunzo na kazi ya Kisumu. Hapo ndipo penye ubora wa riwaya: neema haimwondolei mwanamke jasho, wala haimkingi na msiba, kwani mwanawe anauawa katika ufyatuaji risasi wa Kisumu wa 1969. Dosari iko kwa Martin. Anamrudia mkewe akiwa amepungukiwa zaidi kuliko kutubu. Hivyo upatanisho wa mwisho wathibitisha kupanda kwa Paulina, lakini hautoshi kuuthibitisha undugu uliohubiriwa.