Eneo-kazi la Linux: Je, Kiswahili cha Buterere Kimo?

Wengi wetu tukisikia habari ya kuipamba Linux, hufikiria picha ya nyuma, rangi na alama. Kwa mtazamo wetu, pambo la kwanza ni lugha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ukathibitisha kwamba menyu za kompyuta zaweza kusomeka kwa Kiswahili. Kazi hiyo tunaisifu.

Hata hivyo, tumfikirie mwanafunzi wa Buterere, Bujumbura, anayepanga kompyuta yake. Akifika kwenye saa, ataikuta Bujumbura katika orodha ya miji. Akifika kwenye lugha, atakuta Kiswahili cha Kenya (sw_KE) na cha Tanzania (sw_TZ). Cha Burundi hakimo. Akichagua kimojawapo, fedha zitaandikwa kwa shilingi, ilhali yeye sokoni hutumia faranga. Saa inamjua alipo, lugha haimjui.

Dosari hii si ya tafsiri, ni ya mipaka. Lakini Linux ni programu huria: faili yenye majina ya siku, miezi na sarafu ni maandishi ya kawaida. Anayetaka anaweza kunakili ile ya Tanzania, akairekebisha na kuiwasilisha kwa watunzaji wake. Tunapendekeza walimu walifanye hilo zoezi la darasani. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo.